Mama Karanga: Jina, Mtaji na Biashara ya Chakula Katika Mombasa Bara

Makala haya yanahusu watu ambao sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili hula kwao kila siku, ila ni nadra kuwaandika. Hao ni wanawake wanaokaanga samaki, kuuza mahamri na mbaazi, viazi vya karai, bajia, mihogo na supu ya pweza katika Likoni, Kisauni na Changamwe. Katika pwani ya Kenya, mwanamke anayenunua samaki wadogo dikoni, akawakaanga na kuwauza mtaani, huitwa mama karanga. Tumelichagua jina hili liwe mlango wa kuingilia mjadala kwa kuwa limebeba mambo mawili. Lina historia ya lugha inayostahili kuelezwa, na pia limefumbata mahali ambapo mwanamke huyu huwekwa katika soko, mahali ambapo ni vigumu kutoka hata akiwa na bidii ya mchwa.

Tuanze na jina. Mgeni anayelisikia kwa mara ya kwanza hudhani kwamba mama huyu anauza zile karanga ambazo Wakenya wengi huziita njugu. Sivyo. Karanga hapa ni kitenzi. Kukaanga na kukaranga ni kitenzi kimoja chenye sura mbili, na kamusi za zamani za Kiswahili zimezisajili zote. Sura ya kukaanga imepoteza konsonanti iliyokuwa kati ya irabu mbili, ndiyo maana tunaandika na kutamka a mbili zinazofuatana. Mwanafunzi wa fonolojia atakumbuka kwamba jambo hili si geni katika Kiswahili: tunasema kuzaa, lakini mtoto huzaliwa na mtu huwa mzaliwa wa mahali fulani, tunasema kutwaa, lakini kitu hutwaliwa. Sauti iliyodondoka katika shina hujitokeza tena katika mnyambuliko. Lugha nyingine za Kibantu hazikuidondosha, na Mkikuyu hadi leo husema gũkaranga kwa maana hiyohiyo ya kukaanga. Mama karanga basi ni mama wa kukaanga, na jina lake limehifadhi sura ambayo Kiswahili cha vitabuni kimeiacha.

Linganisha jina hilo na majina ya wenzake. Mjini Dar es Salaam kuna mama ntilie, jina lililotoka kinywani mwa mteja mwenye njaa anayesema "nitilie", yaani nipakulie chakula. Baadaye lilikuja mama lishe, ambalo ni la heshima zaidi na lenye harufu ya ofisi. Nchini Kenya kuna mama mboga, jina ambalo katika kampeni za uchaguzi wa mwaka wa 2022 lilitajwa na wanasiasa mpaka likachosha masikio. Mama ntilie ameitwa kwa kauli ya mteja, mama mboga kwa bidhaa, na mama karanga kwa kazi ya mikono yake. Wote watatu lakini wameanza na mama. Neno hilo ni la heshima, hatukatai, na hakuna Mpwani mwenye adabu atakayemwita mwanamke mzima kwa jina lake tupu. Hata hivyo mwanamume anayenunua samaki katika diko lilelile, saa ileile, haitwi baba karanga. Yeye huitwa mchuuzi, na akiwa na uwezo huitwa tajiri.

Tajiri ni neno la Kiarabu, na maana yake ya asili ni mfanyabiashara. Kiswahili kililipokea, kikaliegemeza zaidi upande wa mwenye mali nyingi. Kwa wavuvi wa pwani yetu, maana ile ya kwanza haijafa. Tajiri kwao ni mtu anayewapa wavuvi mashua, nyavu au fedha za matumizi wakati bahari imechafuka, nao humfungia samaki wao kwa bei wanayopatana. Hana haja ya kukimbilia dikoni alfajiri, kwa sababu samaki wakubwa ni wake kabla hawajavuliwa. Nguru, kolekole na changu wakubwa huenda kwake, kisha kwenye barafu, kisha kwenye hoteli za kitalii na maduka ya mjini. Wanaobaki, aghalabu tafi wadogo, pono, vibua na simsim, ndio humfikia mama karanga. Utafiti wa Matsue, Daw na Garrett kuhusu wanawake wachuuzi wa samaki katika pwani ya Kenya, uliochapishwa mwaka wa 2014, ulieleza hali hii kwa mapana: wanawake walikuwa wakinunua samaki wadogo wa bei ya chini, wakiuza karibu na kwao, na sauti yao ilikuwa hafifu katika kupanga bei na katika usimamizi wa uvuvi.

Hapa ndipo inapofaa kueleza biashara yenyewe inavyokwenda, kwani wengi huiona sehemu yake ya mwisho tu, yaani karai juu ya moto na foleni ya wateja. Samaki huanza na upepo. Kaskazi, unaovuma takriban kuanzia Novemba hadi Machi, huleta bahari tulivu, na mashua ndogo huweza kutoka nje ya mwamba. Kusi huanza kuvuma mwezi wa Aprili na kuendelea hadi karibu na Septemba au Oktoba. Bahari huchafuka, wenye ngalawa na mitumbwi hubaki ndani ya mwamba, na samaki hupungua. Katika miezi hiyo bei hupanda dikoni, lakini mlaji wa Mtongwe au Timbwani mfuko wake haujui msimu. Mama karanga hawezi kupandisha bei ya kipande kwa kiasi kilekile alichopandishiwa. Hukata vipande vidogo zaidi, au hununua wachache, au huacha samaki kwa muda akauza mihogo na bajia. Wachumi wana istilahi nyingi za jambo hili; yeye husema tu kwamba amebadilisha karai.

Tuchukue mfano wa kubuni ili hesabu ieleweke. Tuseme mama amenunua samaki wa shilingi 1,500, mafuta ya shilingi 600, makaa ya 200, unga, ndimu, chumvi na bizari kwa 100, na nauli pamoja na ada ya kibanda 100. Jumla ni shilingi 2,500. Akipata vipande 50 na kuviuza vyote kwa shilingi 60, atakusanya 3,000, na faida yake itakuwa 500. Vipande 7 vikibaki, amepoteza 420 na faida imekuwa shilingi 80. Jirani wawili wakichukua vipande 4 kwa ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi, siku imekwisha kwa upungufu wa shilingi 160 mkononi, ilhali mafuta na makaa vyote vimekwishatumika. Katika hesabu hiyo hatujaweka ujira wake mwenyewe, wala ule wa binti yake aliyepara samaki kabla ya kwenda shule, wala kile kilicholiwa nyumbani usiku. Faida ya biashara hii imo katika vipande kumi vya mwisho. Ndiyo maana mama karanga huonekana bado ameketi saa tatu za usiku, taa ya betri kando yake, akisubiri wateja wachache waliobaki. Msomi anayepita hudhani kwamba ana subira tu.

Mafuta yanastahili kutajwa peke yake. Kenya huagiza kutoka ng'ambo sehemu kubwa ya mafuta ya kupikia, hasa mafuta ya mawese kutoka Indonesia na Malaysia. Vita vilipozuka Ukraine mwezi wa Februari 2022, mafuta ya alizeti na ngano vilipanda bei duniani, na mwishoni mwa Aprili mwaka huohuo Indonesia ikazuia usafirishaji wa mafuta ya mawese kwa majuma kadhaa. Katika mitaa ya Kisauni, ambako mafuta hununuliwa kwa kipimo, si kwa debe, habari za Jakarta zilifika kwa njia ya kikombe kilichopungua. Turudie mfano wetu: mafuta yakitoka shilingi 600 hadi 900, ile faida ya 500 inabaki 200 hata kama kila kipande kimeuzwa.

Ama kuhusu mahamri, hiyo ni biashara yenye tabia tofauti. Jina lenyewe lina uhusiano na hamira, na yote mawili asili yake ni Kiarabu, katika maneno yanayohusu kuumuka kwa unga. Hamri nzuri ya Mombasa huumuliwa usiku kwa tui la nazi na iliki, hukaangwa kabla ya jua kuchomoza, na kuliwa kwa mbaazi za nazi. Mtaji wake wa kuanzia ni mdogo kuliko wa samaki, na unga hauozi kesho yake. Kwa sababu hiyo wanawake wengi huanza hapa. Ukitazama orodha ya vyakula vinavyouzwa pamoja na mahamri, utaisoma historia ya bandari nzima: bajia, kachori, achari na lile karai lenyewe vimetoka India, sambusa na pilau vimepitia Uajemi na Uarabuni, kaimati ni ya Waarabu, vitumbua na mihogo ya nazi majina yake ni ya Kibantu. Mwanamke aliyeketi mlangoni pake Mlaleo au Mtopanga anauza vyote hivyo katika sinia moja, na hakuna anayemwuliza kipi ni cha kigeni.

Biashara hii ya mlangoni ni ya zamani. Katika miji ya Waswahili mwanamke aliyetawa aliweza kupika ndani na kumtuma mtoto na sinia mtaani, naye akapata fedha bila ya kuonekana sokoni. Margaret Strobel aliandika kuhusu maisha na kazi za wanawake Waislamu wa Mombasa kati ya mwaka wa 1890 na 1975 katika kitabu kilichotoka mwaka wa 1979. Baadaye yeye na Sarah Mirza walitoa masimulizi ya maisha ya wanawake watatu wa Mombasa, yakachapishwa kwa Kiingereza mwaka wa 1989 na kwa Kiswahili mwaka wa 1991 kwa jina la Wanawake Watatu wa Kiswahili. Ni ajabu kwamba kitabu hiki hakisomwi sana na wanafunzi wetu wa isimujamii, ilhali kina Kiswahili cha kusemwa cha wanawake wenyewe. Hatuna kitabu kama hicho kwa wanawake wa ng'ambo ya kivuko na ng'ambo ya daraja.

Mombasa bara, kama wasomaji wengi wanavyojua, ina pande tatu: Likoni upande wa kusini, Kisauni upande wa kaskazini na Changamwe upande wa magharibi. (Tangu uchaguzi wa mwaka wa 2013, Nyali imetengwa na Kisauni, na Jomvu na Changamwe, kwa hiyo hata soko la Kongowea ambalo watu wazima bado hulihesabu Kisauni sasa liko Nyali.) Kila upande una wateja wake, na kila upande una hatari yake. Likoni hutegemea kivuko. Umati unaoshuka feri jioni ndio soko la mihogo, kachiri, viazi na samaki, na feri ikiharibika watu huchelewa na chakula hupoa. Likoni pia ilipitia machafuko ya Agosti 1997, ambapo kituo cha polisi kilivamiwa usiku wa tarehe 13, watu wakauawa, vibanda vikachomwa na maelfu ya watu waliotoka bara wakahama. Kibanda kilichochomwa hakikuwa na bima. Aliyerudi baada ya miezi alianza tena na jiko moja.

Kisauni hutegemea, pamoja na mengine, mishahara ya wafanyakazi wa hoteli za Bamburi na Shanzu. Mwezi wa Mei 2014 serikali ya Uingereza iliwaonya raia wake wasizuru Mombasa, na mamia ya watalii wakarudishwa kwao kabla likizo hazijaisha. Hoteli zilifunga milango na wapishi na wahudumu wakaachishwa kazi. Mhudumu asiye na mshahara hununua mahamri kwa mkopo, na mkopo huo anayeubeba ni mwanamke wa mlangoni. Dawa ya deni kulipa, naam, lakini methali hiyo haielezi mdai ale nini wakati anasubiri.

Changamwe ni habari ya madereva wa malori, vibarua wa bandari na wafanyakazi wa viwanda. Hapa chakula ni cha mchana na cha kushibisha: wali kwa maharagwe, chapati, ugali kwa samaki. Kiwanda cha kusafishia mafuta kiliacha kazi hiyo mwaka wa 2013. Reli mpya ilifunguliwa Miritini mwaka wa 2017, na mwezi wa Agosti 2019 serikali ikaagiza makasha yanayoelekea bara yasafirishwe kwa reli. Malori yalipungua barabarani na maandamano yakafanyika Mombasa. Magazeti yaliandika sana kuhusu wenye malori na kampuni za kuhifadhi makasha. Yaliandika machache kuhusu mwanamke ambaye sufuria yake ya wali ilipimwa kwa idadi ya malori yaliyoegeshwa karibu. Agizo hilo liliondolewa mwezi wa Septemba 2022, lakini miaka mitatu ni mingi kwa mtaji unaozunguka kila siku.

Pigo lililozigusa pande zote tatu kwa pamoja ni la mwaka wa 2020. Kafyu ya kuanzia saa moja ya usiku ilianza tarehe 27 Machi, na siku chache baadaye safari za kuingia na kutoka Mombasa zikasimamishwa hadi mwezi wa Julai. Kumbuka kwamba samaki, mishikaki, viazi na supu ya pweza ni vyakula vya baada ya magharibi. Mwezi wa Ramadhani, ambao kwa wauzaji wa futari ni kama mavuno, uliingia katikati ya kafyu hiyo. Wengine walihamia kuuza kwa simu, wakapeleka vyakula nyumba kwa nyumba kabla ya saa kumi na mbili. Kati ya hao, wapo wanaopika hadi leo kwa oda tu na hawakurudi barabarani.

Mtaji wa kuanza na wa kuanza tena hutoka wapi? Jibu la kawaida la vitabu ni benki, na jibu la mtaani ni mchezo. Wanawake kumi au kumi na watano hutoa kiasi kilekile kila siku au kila juma, na mmoja huchukua zote kwa zamu. Watanzania huuita upatu. Mchezo hauna riba wala fomu, na dhamana yake ni kujuana. Udhaifu wake ni kwamba zamu haijui msiba. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka wa 2007, michango mingi imehamia kwenye simu. Mwaka huohuo serikali ilianzisha hazina ya mikopo kwa wanawake kupitia vikundi, na mwezi wa Novemba 2022 ikaja hazina ya Hustler, yenye mikopo ya kati ya shilingi 500 na 50,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, inayolipwa katika siku 14. Kwa muuza mahamri, siku 14 ni muda wa kutosha kugeuza unga kuwa fedha. Kwa anayetaka kununua jokofu, hazitoshi hata kidogo, na jokofu ndilo hasa linalotenganisha mama karanga na mchuuzi.

Tueleze kwa nini. Asiye na barafu lazima auze leo alichonunua leo. Anayelazimika kuuza leo hawezi kukataa bei, na wavuvi na wateja wote wanalijua hilo. Mwenye jokofu hununua wengi samaki wanapokuwa wengi, akawauza kusi linapovuma. Kutoka hapo huweza kuwapelekea wenye hoteli, na hoteli kwa Kiswahili cha Kenya ni pamoja na kile kijumba cha mabati chenye meza mbili. Huweza pia kuchukua kazi za kupika arusini na matangani. Wapo wanawake wa Mombasa bara waliopanda ngazi hiyo yote, kutoka jiko la mlangoni, kwenda meza ya barabarani, kibanda, hoteli, hadi mikataba ya maakuli. Kwa tuliyoyaeleza, ni wazi kwamba wanaoshindwa hawakukosa bidii. Insha za shule zetu hupenda mwanamke maskini anayeamka alfajiri na hatimaye kununua gari. Kila mama karanga huamka alfajiri.

Tofauti huwa ni ngazi moja au mbili zilizokosekana, na ngazi hizo mara nyingi ni za karatasi. Chini ya katiba ya mwaka wa 2010, masoko na leseni za biashara ni kazi ya kaunti. Mwanamke aliyepanda hadi kibanda huhitaji leseni na cheti cha afya cha anayeshughulikia chakula, mambo ambayo hatuyapingi, kwani mlaji ana haki ya kula kisichomdhuru. Ila leseni humpa mtu anuani, na anuani humwezesha kukopa kwa jina lake na kutohamishwa kila barabara inapopanuliwa. Vivyo hivyo dikoni. Kanuni za mwaka wa 2007 ziliunda vikundi vya kusimamia fukwe, ambamo wavuvi, wenye mashua na wachuuzi wa samaki husajiliwa na kuamua mambo ya diko. Mwanamke anayenunua samaki kila siku ya Mungu ni mchuuzi wa samaki kwa maana yoyote ya neno hilo. Lakini akiulizwa kazi yake, yeye na karani huandika mpishi, au mama wa nyumbani, kwa sababu hilo ndilo jina lake linavyosikika.

Kazi ya kuyakusanya maneno haya, pamoja na masimulizi ya wanaoyatumia, iko karibu sana na vyuo vyetu: feri kwa Likoni, daraja la Nyali kwa Kisauni, matatu moja kwa Changamwe. Wakati mzuri wa kuwahoji ni asubuhi kiasi cha saa nne, mahamri yakiwa yameisha na samaki hawajafika.